Daftari la mahudhurio linafuata mwezi

Jana nimekaa nafunga daftari la mahudhurio la darasa letu la MEMKWA, la watoto waliokosa shule, nikajikuta nacheka peke yangu, maana ukiliangalia kwa mbali ni kama mtu kachora mawimbi. Siku kadhaa tiki tupu, alafu viduara vinajaa, alafu tiki zinarudi. Mwanzoni nilijua ni utoro tu kama utoro mwingine, kila asubuhi nafoka, mpaka mama mmoja muanika dagaa akaniambia "we mwalimu, angalia mwezi kwanza ndo uite majina."

Na kweli bana. Dagaa wanavuliwa kwa taa, sa mwezi ukishakuwa mpevu taa haivuti kitu, mitumbwi inapaki. Giza likirudi kazi inarudi, mitumbwi inaingia mwaloni, pale inapotia nanga, alfajiri, kuna kubeba ndoo, kumwaga, kuanika, kufukuza yangeyange, kugeuza, na hao wote wanaofanya hivo ni wanafunzi wangu. Mbalamwezi ndo muhula wetu.

Kwa asiyejua, MEMKWA ni mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ulianza kwa majaribio 1999 wilaya tano tu, mojawapo Musoma Vijijini hukuhuku Ziwa Victoria. Ni chumba kimoja ndani ya shule ya msingi ya serikali, kina makundi rika mawili, wadogo na wakubwa, wakubwa ni miaka 14 mpaka 18. Kuna mtu ataniuliza si elimu bila ada toka 2016? Ada ndio ilitoka, ila shule haimfuati mtoto anayehamishwa na wazazi kisiwa hiki na kile kufuata samaki, unakuta kafika miaka 12 hajawahi kukaa sehemu moja mwaka mzima.

Kwangu wamo Wajita, Wakerewe, Wakara, Wazinza na Wasukuma wa kutosha, wengi wanaishi na bibi. Yupo binti ana mtoto wake mdogo, angeweza kurudi darasa la kawaida maana toka Novemba 2021 serikali iliruhusu, lakini kaniambia madam mi nikae dawati moja na mdogo wangu? Yupo na kijana alikuwa anauza mayai ya kuchemsha pale Kigongo, Mwanza, kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Busisi, daraja lilivofunguliwa Juni 2025 foleni ikaisha na mayai yakaisha, mama yake akahamia mjini, ndo nikampata. Huyo kwenye chenji humuwezi, ila mpe "M" na "N" anaziangalia kama mapacha.

Sasa kilichonifanya niandike ni kikao cha matokeo. Kila mwaka lazima mtu asimame aseme MEMKWA mnatushusha, ufaulu wenu uko chini. Mi huwa nanyamaza, safari hii nikashindwa. Jamani, hili darasa linafanyaje kazi? Mtoto anakuja hajui kuandika jina lake, tunapambana naye na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, miaka miwili, anafanya mtihani wa darasa la nne, akifaulu anaenda la tano la kawaida. Toka siku hiyo ni wa la tano, alama zake zinasomwa huko, na akifaulu la saba hakuna atakayekumbuka alitokea wapi. Mi nabaki na ambao bado, na walioingia juzi. Yaani ni kumkuta mama ntilie saa kumi jioni sufuria tupu ukasema huyu hapiki.

Mwenzangu mmoja akasema basi tuhesabu waliotoka na sio waliobaki. Nikasema ndio hicho hicho. Wengine wakaangalia simu, kikao kikaendelea na mambo ya uji.

Baadae nikafungua ratiba ya jaribio, nikahesabu siku, likawa linaangukia katikati ya giza. Yaani watapimwa watakaokuwepo, yaani karibu hakuna. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamuomba jaribio la darasa langu lisogezwe wiki moja na nusu mbele. Akaniangalia, akavua miwani, akauliza kwa hiyo niandike nini hapa, "mwezi ukiruhusu"?

Nikamwambia ndio mkuu, andika hivohivo.