Capileira: nilifuata mlima nikakuta mfongo

Nianze na basi maana ndo lilinitesa kuliko kitu chochote. Kutoka Granada mjini, kusini mwa Hispania, mpaka kijiji cha Capileira ni kama masaa mawili na nusu, na kile kipande cha mwisho baada ya Órgiva ni kona juu ya kona, ile Kitonga yetu iweke mara kumi alafu toa malori. Nilikua nimekula vizuri asubuhi, nikajuta. Dada mmoja pembeni yangu alinipa limau ninuse, hatukua tunaelewana sana kwa lugha ila limau halina tafsiri.

Mimi niko Granada kwa masomo, na kila siku nikifungua dirisha naiona Sierra Nevada na theluji yake, nikasema mtoto wa Machame siwezi kukaa chini ya mlima mwaka mzima bila kuupanda hata kidogo. Kilele chao kikubwa kinaitwa Mulhacén, mita 3,479. Sisi tukisikia hivo tunacheka kimoyomoyo, maana kwa Kilimanjaro hapo hata hujafika kambi ya Horombo. Lakini jina ndo lilinivuta, kwa sababu ni la mtu, Muley Hacén, yaani Abul Hasan Ali, mmoja wa masultani wa mwisho wa Granada, na wenyeji wana hadithi kwamba alizikwa kule juu kileleni. Mlima mrefu kuliko yote Hispania bara unaitwa Hasan, aisee!

Hata njiani historia inakupiga usoni. Basi likitoka tu Granada linapita mahali panaitwa Suspiro del Moro, pale Mmoro, yaani Mwislamu wa Hispania ya enzi hizo, aliposhusha pumzi. Mwenyewe ni Boabdil, mtoto wa huyo huyo Hasan, aliyekabidhi mji kwa Wakristo tarehe 2 Januari 1492. Hadithi inasema aligeuka pale akaitazama Alhambra, kasri lao la kifalme, mara ya mwisho akalia, na mama yake badala ya kumbembeleza akamwambia lia kama mwanamke kwa kile ulichoshindwa kukilinda kama mwanaume. Kama aliyasema kweli au watu walimtungia baadae mi sina neno, ila nawajua kina mama wa hivo. Huyo Boabdil alipewa eneo aishi hukuhuku milimani, Alpujarra, na mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Moroko. Raia wake wakabaki.

Sasa kijiji. Capileira iko kama mita 1,436 juu, watu mia tano na kitu tu, na chini yake kwenye bonde hilohilo la Poqueira kuna Bubión na Pampaneira, vitatu vimening'inia kama nguo kwenye kamba. Nyumba zote nyeupe chokaa, zimebanana, na paa ni bapa, hilo lilinishtua maana sehemu ya theluji utategemea paa la mteremko. Wanaweka magogo ya mti wa castaño, juu yake mabamba ya mawe, juu kabisa udongo wa kijivu unaoitwa launa ambao ukilowa unajibana na maji hayapiti. Eti wazee walikua wanaumwaga mwezi ukiwa unapungua, vinginevyo paa litavuja. Na paa la jirani wa chini liko usawa wa mlango wako, kwaiyo kuna mahali nilisimama kupiga picha, nikageuka nikaona bomba la moshi kiunoni kwangu, kumbe niko juu ya nyumba ya mtu. Yale mabomba yenyewe ni ya duara, yamevishwa bamba la jiwe kama kofia. Na vichochoro! Vingine vinapita chini ya vyumba vya watu, wanaviita tinao, unatembea kivulini huku juu yako mtu anakaanga vitunguu. Rafiki yangu wa Lamu nilimtumia picha, akajibu neno moja tu, wikio. Na kweli ni kitu kilekile, nyumba imevuka njia.

Mchana njaa ikauma nikaingia kwenye kibaa kimoja. Chakula cha huku kinaitwa plato alpujarreño, viazi vilivyopikwa taratibu kwenye mafuta ya zeituni na pilipili hoho, mayai ya kukaanga, alafu nguruwe kwa staili zote unazozijua na usizozijua, soseji ya damu, soseji nyekundu, mnofu, paja lililokaushwa. Mapaja yenyewe yananing'inia darini kama popo, maana kijiji cha jirani cha Trevélez kinasifika Hispania nzima kwa kukausha nguruwe kwa hewa ya baridi. Nikamwambia mama mwenye baa naomba bila nguruwe. Akauliza, hata ham? Nikasema hata ham. Alinitazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa, akaniletea viazi na mayai matatu badala ya mawili, sijui ndo rambirambi.

Nikiwa nakula nikakumbuka kitu nilichosoma chuoni, kikanikaa kooni kidogo. Miaka mia nne na hamsini iliyopita, kukataa nguruwe kwenye kijiji kama hiki ilikua kesi. Waislamu waliobaki baada ya 1492 walilazimishwa kubatizwa, wakaitwa Moriscos, na Mahakama ya Uchunguzi ya Kanisa ilikua inapokea taarifa kutoka kwa majirani, fulani hali nguruwe, fulani anaoga oga sana. Tarehe 1 Januari 1567 ikatoka amri ya Mfalme Felipe II, marufuku kuongea Kiarabu, marufuku mavazi yao, marufuku bafu zao. Mkesha wa Krismasi wa 1568 hii milima ikawaka. Walijichagulia mfalme wao, Aben Humeya, ambaye kabla ya hapo alikua anaitwa Don Fernando. Na tuwe wakweli, hawakua malaika, makanisa yalichomwa na mapadri na majirani zao Wakristo waliuawa vibaya, alafu jeshi lilipokuja chini ya Don Juan wa Austria nalo halikubagua. Aben Humeya aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1569, aliyemrithi akauawa 1571, ikaisha. Waliobaki hai walikua wameshaanza kutolewa, wanatembezwa kwa miguu wengi wakifia njiani, kutawanywa Castilla na kwingine, na kuanzia 1609 wakafukuzwa Hispania kabisa.

Nyumba zikabaki tupu. Mfalme akaleta walowezi kutoka Galicia, León, Castilla na sehemu nyingine za Andalucía, watu wa ngano na ng'ombe ambao hawajawahi kulima kwenye ngazi za mlima. Na wenyeji wanasimulia kwamba ikabidi kila kijiji zibakizwe familia mbili za Moriscos ili ziwafundishe wageni namna ya kumwagilia. Hebu fikiria wewe ndo hiyo familia. Kijiji chote kimeondoka, umebaki unamwonyesha mgeni maji ya marehemu jirani yako yanafungukia wapi.

Kwaiyo kesho yake asubuhi nikaenda kuyatafuta hayo maji. Nilishika njia ya bondeni kuelekea La Cebadilla, kijumba-jumba cha wafanyakazi wa umeme kilichohamwa zamani, na kabla sijafika mbali nikasikia sauti ninayoijua. Nilisimama kabisa. Mfereji mwembamba umechongwa ubavuni mwa mlima, upana wa hatua moja, maji ya theluji yanateleza bila haraka, na pembeni njia ya mguu iliyokanyagwa na mtu mmoja mmoja. Ni mfongo! Mfereji wa kumwagilia wa kwetu Uchagani kabisa, ule ambao babu alikua akinipeleka nikiwa mdogo nikamshikie jembe. Huku wanaita acequia, neno la Kiarabu.

Kulikua na mzee mmoja anasafisha kwa jembe, nikamsalimia, akafurahi kuona mtu anauliza habari ya maji badala ya kuuliza wapi pazuri kwa selfi. Kihispania cha Andalucía kinameza herufi s zote, nilikua nadaka nusu nusu, lakini mambo yenyewe nilikua nayajua. Maji yana zamu, saa fulani mpaka saa fulani, hata usiku wa manane zamu yako ikifika unaamka. Kuna mtu wa kuyasimamia, wanamwita acequiero. Kuna birika la kutunzia maji ya usiku, alberca, sawasawa na ndiva ya Wapare. Alafu akanipa ambalo sikulijua. Kule juu kabisa theluji ikianza kuyeyuka wana mifereji ya careo ambayo haipeleki maji shambani, inayamwaga makusudi kwenye miteremko yenye mawe yazame ardhini, na wiki au miezi baadae yanatokea chini kwenye chemchemi za vijiji wakati wa kiangazi, wakati ndo yanahitajika. Yaani mlima wameugeuza tangi! Chuo Kikuu cha Granada kwa miaka ya karibuni wamekua wakiwachukua wanafunzi na watu wa kujitolea kufukua mifereji iliyokufa, nikajisikia aibu kwamba matangazo nilikua nayaona ukutani nikapita.

Katika maneno yake kila mara alikua anasema fulano, fulano alikua na zamu ya Jumanne, fulano akaenda Barcelona. Nikamwambia sisi kwetu tunasema fulani. Hakuamini. Nikamwongezea, zeituni yenu aceituna, sukari yenu azúcar, maskini kwenu amekua mezquino, mtu bahili, hapo mmetuangusha. Alicheka mpaka akaegemea jembe.

Mengine nayapitia haraka. Ng'ambo ya bonde kuna monasteri ya Wabudha wa Tibet ambako Dalai Lama alifika mwaka 1982, sikwenda, miguu iligoma. Pampaneira kuna chemchemi imeandikwa kwamba kapera akinywa atapata mchumba, nilikunywa vikombe viwili, bado nasubiri. Nikanunua jarapa, mkeka wa vitambaa vilivyofumwa kwa rangi rangi, bei yake mama asiijue.

Ila pale mferejini kabla sijaondoka nilimpigia baba kwa video, mtandao ulikua unashika kwa bahati. Nikaigeuzia kamera maji.

"Huo mfongo wa nani?"

"Wa Wazungu, baba. Niko Hispania."

Akanyamaza akiangalia. "Mbona una majani hapo kwenye kona? Waambie wayatoe, utapasuka." Alafu, "Hebu muulize huyo mzee, mtu akiiba maji zamu ya mwenzake wanamfanyaje? Huku zamani ilikua mbuzi."

Nikamtafsiria. Mzee akasema zamani walikua wanapigana kwa haya haya majembe, siku hizi hakuna wa kuiba, vijana wote wako mjini, mashamba ya juu yamerudi kua vichaka na yeye ana miaka sabini na nane anasafisha kipande ambacho walikua wanasafisha watu kumi na mbili. Nikamrudishia baba hivohivo.

Baba akakaa kimya mpaka nikadhani imekata. Alafu akasema, "Zamu yetu ni Alhamisi. Mdogo wako karudi Dar jana."

Mzee akaniuliza, anasemaje baba yako? Nikamwambia anakusalimia.