Cheni za Kwenda Timberline

Dola 90 zilinitoka kabla sijauona Mlima Hood, huko Oregon, Marekani. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta njiani kutoka Portland, mimi na mpwa wangu anayesoma huko. Muuzaji akatoka, akalitupia macho gari letu, akarudi na mfuko mwekundu: cheni za tairi za kushika theluji, ndizo hizi, zinaingia bila taabu. Kahawa mbili na mikate miwili nazo zikala dola 23. Nikalipa nikiwa nimenyamaza, maana mgeni hapangi bei.

Mvua ikageuka theluji. Tulipoiacha barabara kuu na kushika ile ya kupanda Timberline, hoteli iliyo juu mlimani, gari likaanza kutembea ubavu.

"Mjomba, bila cheni hatupandi," mpwa akasema.

Tukashuka. Nikapiga goti, nikapitisha cheni nyuma ya tairi, nikavuta. Haikufika. Tukasogeza gari kidogo, tukaitandaza upya, tukavuta wote wawili. Ndoano na pete yake zikabaki zimeachana shibiri nzima. Tairi la pili hivyo hivyo. Mpwa akamulika mfuko kwa simu: saizi ilikuwa ya gari dogo kuliko letu. Karibu saa nzima tulikuwa pale pembeni, glovu zimelowa, vidole vimekufa ganzi. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya pesa peke yake. Mtu alijua tunakokwenda, akatazama tairi zetu, akatuuzia hatari.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwenye pikapu. Hakuuliza mengi. Alitoa cheni zake kuukuu nyuma ya gari, akazipima kwa jicho, akalala kwenye theluji kwa umri ule, akatufungia. Nilipotaka kumlipa akakataa, akasema naye anapanda huko huko, tutamrudishia tukishashuka. Kila majira ya baridi hupanda mara moja kumkumbuka baba yake.

Baba yake alikuwa kijana wa kambi ya CCC, mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi. Ule ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, ambapo mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Serikali ya Rais Roosevelt ikawakusanya vijana makambini wapande miti, wachonge njia, wapange mawe. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja nyumbani. Mzee alisema bibi yake mzaa baba alilisha watoto kwa hizo 25. Mpwa wangu akanikumbusha kwa Kiswahili jambo ambalo sitaki kuliruka: tangu 1935 kambi hizo zilitengwa rasmi, vijana weusi kwao na weupe kwao.

Timberline yenyewe ni hoteli kubwa ya mawe na magogo, imekaa kwenye mita kama 1,800. Kwetu mahali pa urefu huo watu wanalima migomba. Kule theluji ilikuwa imefika madirishani. Ilijengwa na WPA, shirika la serikali la kuwapa kazi wasio na kazi, kuanzia 1936, na Roosevelt mwenyewe alipanda kuizindua tarehe 28 Septemba 1937. Kibarua alilipwa senti 55 kwa saa, fundi senti 90. Fedha nyingi ziliishia mikononi mwa watu, na vifaa vikaokotwa pale vilipopatikana. Nguzo za ngazi zilikuwa nguzo za simu zilizotupwa, vichwa vyake vimechongwa ndege na wanyama. Wahunzi walifua reli chakavu zikawa vyuma vya kushikilia kuni. Wanawake walichana mablanketi yaliyochakaa ya kambi za CCC wakafuma mazulia.

Mzee akanishika mkono mpaka mbele ya meko, akaniambia nitazame wavu unaozuia cheche. Nikainama. Ilikuwa cheni ya tairi. Cheni kuukuu za magari zimeunganishwa pete kwa pete zikawa pazia la chuma, na moto unacheza nyuma yake. Nikaigusa kwa vidole vile vile vilivyokuwa bado vinauma. Ilikuwa na uvuguvugu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari hii. Siku nne zilizobaki Portland sina la kuzisimulia.

Mawazo yalinipeleka kwetu Upare, Tanzania. Kijijini kwetu kuna ndiva, bwawa la kukusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani kwa zamu. Wazee waliijenga na kuitunza kwa msaragambo. Siku ya msaragambo kila kaya hutoa mtu na jembe lake, hakuna wa senti 55 wala wa senti 90. Nikiwa mtoto nilibeba udongo pale kwa karai. Mara ya mwisho nilipokwenda, tope lilikuwa limejaa nusu, ukuta umeliwa upande mmoja, na vijana wanaongojea ajira wamekaa barazani kutwa. Nguvu ipo, na kazi ipo inangoja. Yule mzee wa Oregon anajua baba yake alifanya kazi mlima gani na alilipwa kiasi gani. Mimi sikujua hata nani aliweka mawe ya ndiva inayonilisha.

Tulimrudishia cheni zake chini ya mlima, nikamshukuru kwa mikono miwili. Usiku ule, kwao kukiwa asubuhi, nikampigia baba mdogo. Nikamuuliza ukuta wa ndiva ulijengwa na akina nani. Akacheka, akauliza kama nimeota, kisha akaanza kutaja, jina, ukoo, alikuwa anakaa wapi. Karatasi ya karibu ilikuwa ile risiti ya cheni, nikaigeuza nikaandika nyuma. Alifika tisa. Wa kumi, yule aliyekuwa na mkono mmoja, jina lilimtoka. Akasema atamuuliza mama, nimpigie kesho.