Msesewe wa Minneapolis

Baba alikuja kunitembelea Minneapolis Januari 2014, siku chache baada ya gavana wa Minnesota kufunga shule za jimbo zima kwa ajili ya baridi. Mzee wa Marangu, kazaliwa mlimani, alikuwa amenihakikishia kwenye simu kwamba baridi anaijua. Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka alipiga hatua mbili nje, akageuka, akarudi ndani bila kusema neno.

Jumamosi nikampeleka kwenye mgahawa wa mtaani kwetu. Ni dakika tano kwa miguu. Tulikwenda kwa gari. Pale wanauza baga na bia, basi, ila baga zenyewe ni za watu wenye nafasi: nyama wanasaga wenyewe, na bia zimeandikwa kwa chaki ubao mzima. Baba akatazama bei, akapiga hesabu ya shilingi.

"Elfu ishirini na mbili kwa mkate na nyama ya kusaga? Mama, kwa hela hiyo Moshi nakula mbuzi, na mwenye mbuzi ananisindikiza."

Nikamwagizia Juicy Lucy, kwa sababu mtu hatoki Minneapolis bila kuila. Jibini haikai juu ya nyama; hufichwa katikati, kati ya vipande viwili vilivyobanwa kingo, halafu ndiyo inachomwa. Baa mbili za barabara moja, Cedar Avenue, zinagombea nani aliianza: Matt's Bar na 5-8 Club. Tulipokuwa sisi hapakuwa mojawapo ya hizo, lakini siku hizi kila mtaa una Lucy wake.

Mhudumu, binti mdogo mwenye nywele za kijani, alituonya tungoje kidogo, ndani mna moto. Nikamtafsiria Baba. Kwa bahati mbaya alikuwa ameshasali, na kwa Baba chakula kilichoombewa hakingoji. Aling'ata kwa nguvu ya mtu anayemaliza ubishi. Jibini ikachuruzika mpaka kidevuni, na lugha iliyomtoka ilikuwa Kichagga kitupu, maneno ambayo nilikuwa sijayasikia tangu ng'ombe wetu aingie kwenye shamba la mzee wa kanisa.

Binti akaja mbio na maji ya barafu, na kwa huruma akaleta pia kiglasi cha bia ya kuonja, ile wanayoiita IPA. Baba hakukigusa. Akakisukuma taratibu kuelekea kwa binti.

"Mwambie aonje yeye kwanza."

Kwetu anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, hupiga funda la kwanza mbele yako, ujue haina kitu. Nikamweleza yule binti huku nikiona aibu. Hakucheka. Alisema kazini haruhusiwi kunywa, akauliza kama mimi naweza kumwakilisha. Nikaonja, nikamkabidhi Baba kwa mikono miwili.

Akanywa. Akafumba macho. Mimi nilikuwa tayari na samahani, maana IPA ni chungu, na wageni wengi niliowapeleka pale waliirudisha.

"Wameweka msesewe," akasema.

Msesewe ni gome la mti ambalo bibi yangu alilikausha juani, akalitwanga, akalitia kwenye mbege. Ndizi mbivu na ulezi peke yake hutoa kinywaji kitamu cha kitoto; uchungu wa gome ndio unaokifanya kiwe pombe ya kukalia mazungumzo. Nikamwambia hapa hawana msesewe, wanatumia hopsi, maua ya mmea unaotambaa, kazi yake ni hiyohiyo. Hakuamini mpaka binti alipotuletea kikopo cha maua makavu kutoka kaunta. Baba akasugua moja kati ya viganja, akanusa, akaninusisha na mimi. Akaagiza glasi kubwa. Baga ikapoa, akaimaliza kwa kisu na uma.

Kwenye gari alinyamaza mpaka taa nyekundu ya pili.

"Hupandwa kwa mbegu?"

Nikatazama kwenye simu. "Kwa vipande vya mizizi, Baba."

"Vikubwa?"

"Kama kidole."

Akatazama mifuko ya koti la mume wangu alilokuwa amelivaa, mmoja baada ya mwingine, akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo.

"Baba, hapana."

"Nimeuliza tu, mama."