Mteja wa Mahamri Kumi

Mdogo wangu ana ugonjwa wa filamu za kusisimua, na laptop ni yake, kwa hivyo Jumamosi usiku tulitazama alichotaka yeye: Eye in the Sky, ya 2015. Wakubwa wa Uingereza wanabishana kama warushe kombora kwenye nyumba moja Eastleigh, ambamo watu wanavishana mabomu. Nje ya ukuta kuna mtoto wa kike, Alia, anauza mikate.

Mwanzo nilicheka. Eastleigh mimi huenda kununua vitambaa, na bunduki nilizoziona kule ni za askari wa benki. Kwenye filamu wanamgambo wanarandaranda mtaani na pickup zenye bunduki kubwa kubwa, utadhani Nairobi haina serikali. Na yenyewe ilipigwa Afrika Kusini! Ukishalishwa picha kama hizo miaka na miaka, buibui utaliona vipi? Juzi tu, mlangoni pa duka moja kubwa hapa Mombasa, dada aliyenitangulia na suruali yake alipungiwa mkono apite. Mimi nikamwagishwa mkoba mzima, hadi futi ya kupimia nguo ikakunjuliwa.

Lakini kilichoninyima usingizi si kombora. Babake Alia ni fundi baiskeli. Mteja anamwona mtoto akicheza na duara lake la kuzungusha kiunoni, anakasirika. Baba anamkaripia binti yake palepale. Mteja akishaenda zake, anamwambia kwa upole asicheze tena mbele ya watu hawa. Basi. Filamu inarudi kwenye kombora lake, na yule mteja hakuna anayemfuata.

Mimi namjua. Kwetu Majengo huja kila alfajiri kuchukua mahamri kumi na mbaazi za mamangu. Kijana mpole, salamu zake ndefu, hakopi. Mwezi uliopita alimkuta mtoto wa kakangu, miaka tisa, akiruka kamba barazani. Akageuza uso ukutani.

"Mama, huyu si mtoto tena. Mwaacha arukeruke njiani, watu wapita."

Mama, aliyemjua huyo tangu hajaota ndevu, akatabasamu. "Haya mwanangu, tumesikia." Kisha akamgeukia mtoto kwa sauti kali ambayo sijapata kuisikia: "Ingia ndani!" Kijana alipopinda kona, akamwita tena, akampa hamri la moto na kumwambia aendelee.

Nilimuuliza mbona hakumjibu. Akasema mahamri kumi ni mahamri kumi, na mwanamume akishaanza kukuhesabia makosa, usimpe la pili.

Jana nilikuwa barazani nachovya hamri kwenye mbaazi, mtoto anaruka na kuhesabu. Kwenye thelathini na kitu akanyamaza, akaikunja kamba upesi, akaisukuma chini ya mkeka na kuukalia. Sikuelewa, mpaka niliposikia makubadhi yakija kutoka konani.