Gitaa Lililogeuzwa

Jumapili, saa nne usiku.

Nimekaa kibarazani na gitaa nililoazima kwa mwanakwaya mwenzangu. Natumia mashoto. Darasa la kwanza nilichapwa vidole kwa kushika kalamu "vibaya", na bibi hakunipa kitu mpaka ninyooshe mkono wa kulia. Leo hakuna wa kunikemea, kwa hiyo nimelishika jinsi mwili unavyotaka. Nimeligeuza. Nyuzi za besi zikaenda chini, nyembamba zikaja juu, na kila nilichofundishwa kikawa kinyume.

Aliyenitia jeuri hii ni mpiga gitaa Elizabeth Cotten, Libba, mwanamke wa mashoto wa Carrboro, North Carolina, Marekani, aliyezaliwa miaka ya 1890. Alianza kwa kunyatia banjo ya kaka yake akiwa hayupo, akaigeuza hivihivi bila kubadili nyuzi. Kisha akafanya kazi za ndani kwa senti 75 kwa mwezi hadi likapatikana gitaa la dola 3.75. Piga hesabu: mishahara mitano, kama hakununua hata andazi.

Matokeo yake ni mlio wa ajabu. Mpigaji wa kawaida, gumba linashika besi na vidole vinaimba. Kwa Libba gumba ndilo linaloimba, vidole vinatembea na besi huko chini. Ukisikiliza umefumba macho utaapa ni watu wawili.

Alikuwa bado binti mdogo alipotunga "Freight Train", reli ikipita karibu na kwao. Akaolewa akiwa na miaka 17 hivi, kanisani wakamwambia nyimbo za kidunia haziendani na wokovu, naye akaliweka gitaa chini. Kwa miongo. Hapa huwa nasimama kidogo kila ninaposoma habari zake, maana nawajua akina mama wa namna hiyo, ila wao hakuna aliyewahi kuwakuta jikoni na gitaa mkononi.

Yeye alikutwa. Akiuza dukani Washington alimwokota mtoto aliyempotea mama yake, Peggy Seeger, na familia hiyo ya wanamuziki ikamwajiri. Gitaa lao lilikuwa likining'inia ukutani, naye akalishusha. Peggy alipokua alikwenda na wimbo ule Uingereza, na mwaka 1957 Chas McDevitt na Nancy Whiskey wakaupandisha hadi nafasi ya 5 kwenye chati, utunzi ukiwa umeandikwa majina ya watu wengine kabisa! Jina lake lilirudi baadaye, baada ya vuta nikuvute. Mike Seeger, kaka yake Peggy, akamfuata Libba nyumbani kwake akamrekodi, na albamu ikatoka kampuni ya Folkways mwaka 1958, Libba akiwa na umri wa kustaafu.

Waliokuja kuimba nyimbo zake ni wengi: Peter, Paul and Mary, Jerry Garcia na Grateful Dead, Bob Dylan, Rhiannon Giddens. Tuzo ya Grammy aliipata akiwa na umri wa miaka tisini na kitu, akafariki 1987. Mwaka 2022 akaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la muziki wa rock, kama mmoja wa chimbuko la muziki huo. Heshima nzuri, ingawa angeila vizuri zaidi mapema.

Lakini kinachonichekesha ni walimu wa gitaa mtandaoni. Wanafundisha "mtindo wa Cotten" kwa mkono wa kulia, gumba kwenye besi, yaani wamempindua aliyejipindua. Nyimbo zinatoka vizuri tu, siwezi kuwalaumu. Ila kwa kumtazama Libba mwenyewe, mara ya kwanza maishani nimetazama somo nikajikuta sihitaji kugeuza chochote kichwani.

Gumba limeshaota lengelenge. Jirani amegonga ukuta mara mbili. Kesho kabla ya mazoezi ya kwaya gitaa linarudi kwa mwenyewe, aliyenisisitiza nisithubutu kubadili mpangilio wa nyuzi zake.

Sikugusa hata mmoja.