Presha iliposhuka nikadhani ni sindano ya mgongo

Mama huyo aliletwa usiku kutoka upande wa Ahero, uchungu umemshika tangu asubuhi na mtoto hashuki. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya ganzi katika hospitali moja hapa Kisumu. Nilimdunga sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi vizuri, nikamlaza akiwa ameinamia kushoto kidogo. Kisha nikampa seftriaksoni, antibayotiki ya kuzuia maambukizi, mshipani kabla ya kisu cha kumtoa mtoto, kama tunavyofanya kila siku.

Dakika chache tu, presha ikawa 70 kwa 35. Sindano ya mgongo hushusha presha, kwa hiyo nikafungulia dripu na kumpa efedrini, dawa ya kupandisha presha. Haikupanda. Nikarudia, ikazidi kushuka. Dakika hizo zinaniuma mpaka leo, kwa sababu dalili ilikuwa mbele ya macho yangu: alikuwa akisugua kiganja kwenye ukingo wa meza, polepole, bila kuacha. Halafu akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Daktari, mikono inaniwasha. Na koo linaniziba."

Nikainua kitambaa cha kijani kilichomfunika kifua. Mabaka mekundu yaliyovimba yalikuwa yametapakaa kutoka shingoni hadi kwenye matiti. Sindano ya mgongo haileti mabaka wala haizibi koo. Huu ulikuwa mzio mkali wa dawa.

Niliita msaada na kuomba adrenalini. Sista akakimbilia haidrokotisoni, dawa nyingine ya kutuliza mzio, nikamwambia hiyo baadaye. Huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na mama yule hakuwa na saa kadhaa. Nilimchoma adrenalini nusu miligramu kwenye msuli wa paja, nikamwekea oksijeni ya kutosha, tukampandisha miguu, dripu mbili zikikimbia. Wakati huo mwenzangu alichanganya ampuli moja ya miligramu 1 kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, nikawa natoa mililita 5 mshipani, natazama presha, natoa tena. Hatukuogopa adrenalini kwa ajili ya mtoto: presha ya mama ikianguka, mtoto naye hakosi tu damu, anakosa hewa.

"Nimtoe?" daktari wa upasuaji akauliza. Nikamwambia amtoe. Mtoto alilia kabla presha ya mama haijafika 90. Mama tulimweka chini ya uangalizi wa karibu hadi kesho yake, maana mzio wa aina hii unaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Tukio hili ni nadra. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa 2018 ulikadiria mgonjwa 1 kati ya kila 10,000 wanaopewa ganzi, na antibayotiki ndizo zilizoongoza kwa kusababisha, zikifuatwa na dawa za kulegeza misuli.

Kabla ya upasuaji nilikuwa nimemuuliza, "Una mzio wa dawa?" Akajibu hapana. Asubuhi mama mkwe wake akaniambia kwamba mwaka uliotangulia alidungwa sindano ya homa, midomo ikavimba. Siulizi tena hivyo. Sasa nasema, "Mama, kuna dawa yoyote uliyowahi kupewa ikakuwasha, ikakuvimbisha uso au ikakubana kifua?" Nangoja jibu, na jamaa aliye naye namuuliza pia.

Kwenye jalada la kitabu chake cha kliniki nilimwandikia kwa kalamu nyekundu: ASIPEWE SEFTRIAKSONI. Nikamsomea, kisha yeye akanisomea mimi, kichanga kikiwa kifuani pake.