Kadi ya PCI kwenye kompyuta isiyo na PCI

Kompyuta ya mizani ya sangara ikifa hapa Mwanza, mbadala wake mara nyingi huja na nafasi za PCIe tu, yaani nafasi za kuchomekea kadi za aina mpya zilizorithi zile za PCI. Kadi ya zamani ya PCI inayounganisha mizani usiitupe. Itafutie adapta yenye chipu ya daraja, inayotafsiri kati ya PCI na PCIe, kama PEX8112. Kasi haina shida: PCI ya biti 32 kwa 33 MHz hubeba MB 133 kwa sekunde, na njia moja ya PCIe ya toleo la kwanza hubeba MB 250 kwa sekunde kila upande.

Mtihani ni umeme. Nafasi ya PCIe hutoa volti 12 na 3.3, wakati kadi kuukuu inataka 5, na nyingine -12. Volti 5 zivute kwenye waya mwekundu wa pawasapulai. Ile -12 adapta za bei chee huiacha wazi: kadi inatambulika, draiva inapanda bila kelele, mizani kimya! Pima pini B1 ya nafasi ya PCI, ambako -12 hupita, kwa mita kabla ya kulaumu programu.

Adapta zenye chipu ya ASM1083 nazikwepa; kwenye Linux hukwamisha interapti, ishara za kadi kuita prosesa. Kigezo cha kuwashia Linux kiitwacho irqpoll huokoa, kwa gharama ya kasi.

Meno ya kadi yasugue kwanza kwa kifutio cha penseli, taratibu. Unyevu wa ziwa hauna huruma.